Kuhadeni Miche

Nina ugomvi wa miaka mingi na neno moja. Ni neno la Kiingereza, harden, lakini kwetu lilivaa nguo za nyumbani zamani sana. Wakulima wa chai wa pande za Kapsoit na Sigowet walisema kuhadeni, na hakuna aliyejiona kwamba anaongea Kiingereza. Jirani alimwuliza jirani juu ya ua kama ameshahadeni miche yake, na mwenzake akajibu kwamba bado, jua ni kali. Mama yangu, ambaye Kiingereza chake kiliishia kwenye salamu, ndiye mtu wa kwanza niliyemsikia akilitumia.

Mama alikuwa na kitalu cha miche ya chai chini ya nyumba yetu, karibu na kijito. Alikata vipandikizi kutoka kwa michai aliyoichagua mwenyewe, kila kipandikizi na jani lake moja, akakichomeka katika kimfuko chenye udongo mwekundu. Vimfuko alivipanga kwenye tuta, akatandaza nailoni pana juu ya fito zilizopindwa, akazika kingo za nailoni ardhini ili upepo usipate pa kupenya. Juu yake aliweka paa la majani ya kangaga kuzuia jua. Ndani mle kulikuwa na joto na unyevunyevu, na miche ilikaa humo kwa miezi ikitoa mizizi bila kujua kwamba duniani kuna kiangazi wala mvua ya mawe. Kisha ukafika wakati wa kuhadeni, kuizoeza miche jua na upepo.

Hapo ndipo ungemjua mama ni mtu wa namna gani. Hakuivua nailoni. Alifukua udongo upande mmoja tu, akaikunja nailoni upana wa kiganja, akaiacha hivyo. Baada ya siku chache aliongeza kidogo. Siku ya mawingu aliiacha wazi kutwa, na siku ya jua kali alitoka sokoni mbio kuja kuifunika. Nailoni ilipokwisha kuondoka yote ndipo alipoanza kupunguza kangaga, jani hapa, jani pale. Wanawake wenzake walimtania kwamba anailea miche kama mtoto wa kwanza. Mmoja wao, mwenye haraka zake, aliivua nailoni yote Jumamosi asubuhi ili awahi mvua, na kabla wiki haijaisha tuta lake lote lilikuwa jeusi. Mama alimpa miche yake akapande. Hakumsimanga, na sisi alitukataza kumcheka.

Baba alikuwa mwalimu wa Kiingereza katika shule ya msingi niliyosoma. Maneno kwake yalikuwa kama ng'ombe, alitaka kujua kila moja limetoka boma la nani. Alikuwa na kamusi nene aliyoinunua kuukuu mjini Kericho, jalada lake limefungwa kwa plasta ya hospitali, na jioni aliisoma jinsi watu wengine wanavyosoma gazeti. Siku moja darasani alitufundisha vitenzi vinavyozaliwa na sifa, akaandika harden ubaoni. Alituambia kwamba Waingereza wa kale walipomwita mtu hard walikuwa wakimsifu kwa ushujaa, si kumlaumu kwa ukatili, na kwamba kitenzi chenyewe kilisaidiwa kukua na lugha ya watu wa kaskazini waliovuka bahari wakaja kukaa kwao. Sisi tulikuwa tunawaza kengele. Akataka mmoja wetu atunge sentensi. Nikanyosha mkono nikasema kwa Kiingereza changu cha darasa la sita kwamba mama yangu anahadeni chai. Darasa zima lilicheka. Baba hakucheka. Aliiandika sentensi yangu ubaoni kwa mwandiko wake mzuri, akasema matumizi hayo ni sahihi kabisa, tena ni bora kuliko ya kitabuni.

Jioni alimweleza mama kwamba leo ameandikwa ubaoni. Mama alicheka mpaka akaweka chini kibuyu cha maziwa alichokuwa anakisugua kwa mkaa. Alimwuliza baba kama Waingereza nao wana kangaga kwao. Hiyo ndiyo picha yao ninayopenda kuitazama, na huwa najizuia nisiitazame mara nyingi.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini homa ilipanda milima. Tulikuwa tumezoea kusema malaria ni ya watu wa bondeni, watu wa joto, na kwamba baridi yetu inaiua. Mwaka ule haikuuawa na chochote. Ilipita katika kambi za wafanyakazi wa mashamba makubwa, ikaingia katika nyumba zetu sisi wakulima wadogo, na baada ya mvua ndefu ikamshika mama. Alikuwa ametoka tu kupanga vipandikizi vipya kwenye tuta na kuvifunika. Jirani mwenye pikapu ya kupelekea maziwa alikuja kumchukua. Mdogo wangu, kifunga mimba wa mama, alikuwa na miaka sita, akakimbilia pikapu na kushika bodi. Mama alimwambia aachilie, anakwenda kidogo tu, atarudi na mkate.

Hakurudi. Siku ya mazishi walimpeleka mtoto kwa jirani, maana watu wazima waliona hayo si mambo ya kuonyesha mtoto. Bibi yetu, mama yake baba, ambaye sisi tulimwita kogo kwa Kikipsigis, alikuja kukaa nasi. Alimwambia mtoto kwamba mama amekwenda kulala kwa Mungu. Mtoto akauliza kama kwa Mungu kunafika pikapu.

Baada ya hapo alilala kitandani kwangu, ameshika mkono wa sweta yangu. Mchana alinifuata mpaka kisimani. Alilia akiamka, akalia akisikia gari barabarani, akakojoa kitandani, jambo aliloliacha tangu zamani. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu na sikujua la kufanya ila kumbeba, na nilimbeba. Wala sikuona ajabu yoyote. Mtoto amefiwa na mama yake, analia. Ningeshangaa kama asingelia. Mtu aliyeshindwa kuvumilia ni baba. Kilio kikianza aliinuka, akatoka nje, akatembea katikati ya chai hadi kinyamaze. Mwenyewe hakuwa ametoa chozi mbele ya mtu. Alikuwa mwanaume wa Kikipsigis wa rika lake, na siku ya kutahiriwa kwake walimtazama usoni kuona kama kope itacheza, haikucheza. Mambo hayo hayamtoki mtu kwa kuwa tu amesoma.

Mwezi wa Desemba alituambia kwamba amempatia mtoto nafasi katika shule ya bodingi upande wa Sotik. Kogo alidhani anasema juu yangu. Alipoelewa ni nani, aliweka kikombe chini. Walizungumza kwa muda mrefu, kogo akiwa amekaa, baba amesimama mlangoni. Kogo alisema hata ndama haachishwi siku moja. Baba alisema samaki mkunje angali mbichi. Kogo akamjibu kwamba yeye hajui samaki, kwao hawakuvua. Jirani mmoja aliyekuwa amekuja kuomba moto akaingilia na ule msemo wa asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na kogo akamwambia achukue moto wake aende, kwa sababu mama wa huyu mtoto hakukataa kumfunza, amekufa. Baba akamaliza maneno kwa neno lake mwenyewe. Tangu mwanzo tulikuwa tunaongea Kikipsigis, lakini hilo alilisema kama lilivyosemwa na wakulima wote.

"Dunia haitambeba mgongoni," alisema. "Lazima tumhadeni."

Tangu siku hiyo nilitaka kitu kimoja tu, na nimekitaka kwa miaka: mdogo wangu arudi nyumbani vile alivyoondoka.

Aliondoka Januari. Pikapu ilikuwa ile ile ya maziwa, kwa sababu hapakuwa na nyingine. Sanduku lake la bati lilikuwa kubwa kuliko yeye. Nilikuwa nimeishona nambari yake ya shule kwenye blanketi kwa uzi mwekundu, nikaishona tena mara ya pili juu yake, isije ikafumuka. Hakulia alipopandishwa. Alikuwa ananitazama mimi, kisha kogo, kisha mimi tena. Alimwuliza baba kama tutakuja kumwona, na baba akasema ndiyo, tutakuja. Jirani akatia gia na wakashuka mteremko.

Siku ya wazazi ilikuwa katikati ya muhula, Jumamosi. Niliamka nikapika chapati, nikachemsha mayai, na kogo akanipa kibuyu kidogo cha mursik, maziwa yetu yaliyogandishwa na mkaa, ambayo mtoto aliyapenda kuliko nyama. Nilivaa gauni la kanisani. Baba akatoka chumbani amevaa nguo za shamba, akaniuliza ninakwenda wapi. Nilimwambia. Akasema hatuendi, si mimi wala yeye. Tukimtembelea sasa, alisema, tutakuwa tumebomoa kila kitu, ataanza kulia upya. Muhula wa kwanza aachwe peke yake. Kogo alivua kitambaa chake cha kichwani, akakikunja, akarudi kulala saa tatu asubuhi.

Mchana nilimfuata baba kitaluni. Tuta la mwisho la mama lilikuwa tayari kufunguliwa, na baba ndiye aliyekuwa akilitunza tangu mama afariki. Alikuwa amejifunza kila kitu kutoka kwake. Nilimkuta amepiga magoti. Alikuwa amefukua udongo upande mmoja, akaikunja nailoni upana wa kiganja, akaingiza mkono ndani akikagua unyevu. Jua lilikuwa linaanza kuwa kali. Alitazama juu, akaona, akaishusha tena nailoni taratibu na kuigandamiza kwa jiwe. Sijawahi kumwona mtu akishika kitu kwa upole namna ile.

Nilisimama nyuma yake.

"Kwa nini huifungui yote?" nilimwuliza.

"Itaungua," alisema bila kugeuka. "Haijazoea."

"Na yeye?"

Mkono wake ulibaki juu ya jiwe. Nikadhani atainuka anichape, na nilikuwa tayari kuchapwa. Kisha akasema binadamu si mche. Alilisema kwa sauti ya darasani, ile ya kufunga somo. Nilirudi jikoni. Chapati nilimpa mbwa, zote.

Aprili mtoto alirudi kwa likizo. Kogo na mimi tulimngojea barabarani tangu asubuhi. Aliteremka mwenyewe kwenye pikapu, akasimama, akatutazama kwa muda mrefu kuliko mtoto anavyowatazama watu anaowajua. Kisha akatupa mkono, kogo kwanza, halafu mimi. Mkono wake ulikuwa mkavu. Kogo alitaka kumkumbatia, naye akasimama ndani ya mikono ya kogo mpaka kogo alipomwachilia.

Likizo nzima hakulia. Alitandika blanketi lake asubuhi, pembe kwa pembe. Alikula haraka, mkono wa kushoto ukiwa umezunguka sahani. Alinyosha kidole kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Usiku nilimsogelea nikamwambia kitanda changu kina nafasi. Alisema asante, analala tu pale pale kwenye mkeka. Nilimpa mkono wa sweta yangu kwa mzaha, akaushika kidogo kwa adabu, akauachia.

Mwezi huo huo tulipanda miche ya mama. Ilikuwa imehadeniwa vizuri, shina limekuwa la kahawia, majani mazito. Baba alipima mistari kwa kamba na mtoto akatembea nyuma yake akiweka mche katika kila shimo, wima, bila kukosea wala kucheza matope. Wanaume waliopita njiani walisimama kumtazama. Baba alijinyosha mgongo, akaniambia kwa sauti ya chini, "Unaona? Amekomaa." Nakumbuka alikuwa na furaha. Ilikuwa furaha yake ya kwanza tangu tumzike mama, na nilimwonea huruma na kumchukia kwa wakati mmoja. Mvua ilinyesha vizuri. Hakuna hata mche mmoja uliokauka.

Muhula wa pili baba aliruhusu twende. Mpishi wa shule ile alikuwa mama mmoja mtu mzima kutoka upande wa Kisii, mnene, mwenye sauti ya kupoza. Wakati baba anazungumza na walimu, mimi nilikaa na mpishi jikoni kwake. Nilimwuliza kama mdogo wangu analia.

"Zamani alikuwa analia sana," alisema. "Kila siku anasimama pale kwa fensi anaangalia barabara. Nilikuwa nampatia ukoko wa ugali anyamaze. Halafu ile siku ya wazazi alilia mpaka akatapika. Nilimfunika na leso yangu mimi mwenyewe. Kuamka, kimya. Mpaka wa leo hasumbui mtu, dada yangu. Sijui aliona nini."

Nilimpelekea baba maneno hayo nikitumaini yatamchoma. Aliyasikiliza, akatikisa kichwa polepole. Aliona yanathibitisha alichosema: mwanzo mgumu, kisha mtoto anasimama mwenyewe. Mimi pia, nisiseme uongo, sikuwa na maelezo mengine. Nilikuwa na hasira tu, na hasira si maelezo.

Miaka ilikwenda. Mdogo wangu alikuwa wa kwanza darasani, mara nyingine wa pili. Ripoti zake zilisema ana nidhamu, ni msafi, hana matatizo. Alipoingia jandoni, wazee waliotoka huko walimpa baba mkono mmoja baada ya mwingine, wakasema kope haikucheza kabisa, kama mtu anayetazama mbali. Likizo zikawa fupi. Shule ilikuwa na masomo ya ziada, au rafiki fulani alimkaribisha kwao. Alipokuwa nyumbani alinisaidia kazi kabla sijamwomba. Aliniita dada kwa heshima zote. Kulikuwa na siku niliyomtamani anitukane. Kogo alikufa katikati ya miaka hiyo, usingizini, na yeye alikuja na shada la maua alilolinunua mwenyewe, akaliweka mahali pake, akauliza nani anahitaji kusaidiwa kubeba viti.

Mwishoni mwa miaka ya tisini koo la baba lilianza kufunga. Watu wa Bomet na Kericho wanaijua saratani hiyo vizuri. Kila ukoo una mtu wake. Kwanza ugali ukakataa kushuka, kisha wali, kisha akabaki kwenye uji na mursik. Sauti ikaondoka taratibu. Mtu aliyekuwa akisikika toka darasani hadi barabarani sasa ilibidi uinamishe sikio. Mimi nilikuwa nimeacha kazi ya kufundisha chekechea ili nimtunze, na jioni nilimsomea kamusi yake kwa sababu hakutaka kitu kingine. Siku moja tulifika kwenye herufi ya neno lile. Nilisoma maana zake, moja baada ya nyingine: kufanya kuwa kigumu, kuzoeza mateso, kuondolea huruma. Aliniwekea mkono juu ya ukurasa nisiendelee. Akaniomba nimwite kijana.

Alikuwa kidato cha kwanza wakati huo, shule ya mbali kidogo. Walimpa ruhusa ya alasiri moja. Alikuja na sare, tai imefungwa vizuri, viatu vimepigwa rangi licha ya matope. Alimpa baba mkono, akamwambia pole. Baba alipapasa kitanda kando yake ili akae. Akavuta kiti, akakaa juu ya kiti. Alieleza alama zake za hesabu na za Kiingereza. Zilikuwa nzuri sana. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza kama anamkumbuka mama yake.

Alifikiri kwa uaminifu, kama mtu anayetafuta kitu kweli. Akasema si vizuri, anakumbuka harufu ya mkaa.

Baba akamshika kifundo cha mkono. Ilikuwa mara ya kwanza nione baba akimshika mtoto wake bila ya sababu ya kazi. Alisema jambo, ikabidi alirudie maana sauti haikutoka.

"Ukitaka kulia, lia. Si vibaya. Nilikosea kukuambia ni vibaya."

"Niko sawa, baba," alisema kijana.

Hakuwa mkali. Alisema kwa upole kabisa, jinsi unavyomwondolea mzee wasiwasi. Alikaa muda mwingine kidogo, akatazama saa ya ukutani, akaeleza kwamba lazima awe shuleni kabla ya majina kuitwa. Aliagana, akanisaidia kuingiza kuni ndani, akaenda.

Baba alitazama mlango. Machozi yalikuwa yanamtoka, yale aliyoyaweka tangu kifo cha mama na labda tangu kabla ya hapo, na hakujisumbua kuyafuta. Nilikaa mahali pale pale kitandani ambapo mwanawe alikuwa amekataa kukaa.

"Nilimfungulia mapema," alisema.

Nilikuwa nimengoja maneno hayo tangu niwe msichana wa miaka kumi na mitatu. Nilikuwa na jibu lake, nimelinoa kwa miaka. Nilipoyasikia sikutaka tena kulisema. Nilimfuta uso kwa kona ya shuka, nikamwambia alale.

Tulimzika kando ya mama, pale shamba la chai linapoishia. Watu wa kanisa waliimba. Walimu wenzake walilia, wanafunzi wake wa zamani walilia, wanaume wazima wenye vitambi waliopigwa na chaki yake miaka ya nyuma. Mdogo wangu alichukua jembe, akafukia kaburi kutoka udongo wa kwanza hadi wa mwisho bila kumpa mtu zamu, akalisawazisha pande zote. Nilisikia mzee mmoja nyuma yangu akisema huyo sasa ni mwanaume. Niligeuka nikamtazama mpaka akahama mahali aliposimama.

Asubuhi yake nilimkuta amekwisha kutandika blanketi. Ile nambari niliyoishona kwa uzi mwekundu ilikuwa bado ipo, imefifia. Sanduku lilikuwa mlangoni. Nilimpelekea chai, nikamwomba akae walau wiki, tuko wawili tu sasa. Akasema shule imempa siku za mazishi peke yake, na zimekwisha. Tulikaa kizingitini tukitazama chai ya mama, ambayo sasa ilikuwa imefika kiunoni na kuchumwa kila baada ya siku chache. Nilichoka kuwa mwenye busara. Nilimwuliza wazi kwa nini halii, hata kwa baba yake mzazi.

Hakuchukia. Aliweka kikombe kwenye goti.

"Ile siku ya wazazi, nikiwa darasa la kwanza," alisema. "Wazazi wa wengine wote walikuja. Mama alipanda pikapu akafa. Mimi nikapanda pikapu, na nyinyi hamkuja. Nikajua mmekufa. Baba, kogo na wewe. Nikawalia wote siku hiyo, nikamaliza."

Nilimwambia lakini Aprili alitukuta. Tulikuwa barabarani, mimi na kogo, tulimngojea tangu asubuhi, alituona tuko hai.

"Niliwaona," alisema. "Lakini nilikuwa nimeshawazika."

Alimaliza chai yake, akaniambia asante, akasuuza kikombe mwenyewe kwenye karai, akachukua sanduku na kuanza kuteremka kwenda barabarani.